Panya wa stoo, na sumu tunayoiita dawa

Mzazi mwenzangu, siku hizi familia nyingi haziishi kwa mshahara peke yake. Nyuma ya nyumba kuna banda la kuku wa mayai, au nguruwe wawili watatu, au ng'ombe mmoja wa maziwa. Na penye mifugo pana chakula cha mifugo: magunia ya pumba, mashudu ya alizeti, dagaa, mahindi yaliyoparazwa. Mara nyingi chakula hicho hukaa kwenye stoo iliyopakana na jiko, au kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa cha mgeni, au hata barazani kikiwa kimefunikwa turubai.

Penye chakula hicho hukosi panya. Na penye panya, baada ya siku chache, sumu huingia ndani ya nyumba. Hasara ya panya iko mfukoni. Ya sumu inaweza kuwa mtoto. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze mambo haya mawili kwa pamoja.

Sisi tunaishi pembezoni mwa mji wa Morogoro. Tuna watoto watatu: wa kwanza yuko sekondari, wa pili yuko darasa la nne, na wa mwisho ana miaka minne. Kuku wetu wa mayai ni 200. Mayai hayo ndiyo yanayolipa ada ya huyo mkubwa na kujaza mtungi wa gesi. Kwa hiyo panya akitoboa mfuko wa chakula cha kuku, kwetu ni kama ametoboa pochi.

Hesabu ya panya mmoja

Watu wengi wanamchukulia panya kama kero tu: anakwaruza darini, anakatisha usingizi, anatafuna sabuni. Ukimpigia hesabu utaona vingine.

Panya mkubwa wa nyumbani hula karibu gramu 20 za chakula kikavu kwa siku. Ni kama kijiko kimoja au viwili tu. Lakini panya 50 wanakula kilo moja kwa siku, yaani kilo 365 kwa mwaka. Hiyo ni mifuko saba ya kilo 50, na zaidi. Chukua bei ya mfuko dukani kwako, zidisha mara saba, uone kama hujawa unasomesha mtoto wa panya.

Na hicho ni kile alichokila. Kile anachokimwaga kwenye tundu, anachokikojolea na kukinyea, kinaweza kuwa kingi kuliko kilichoingia tumboni mwake. Kuku wanaokula chakula chenye kinyesi cha panya wanaweza kupata salmonela, na salmonela haiishii bandani, kwa sababu mayai yale tunayala sisi na watoto.

Kisha kuna kuzaliana. Mimba ya panya wa nyumbani huchukua wiki tatu tu. Kuzaa watoto sita hadi wanane kwa mara moja ni jambo la kawaida, na ndani ya miezi mitatu hivi watoto hao nao wanaweza kuzaa. Panya shamba, yule anayevamia mahindi mvua zikiwa nzuri, ni hatari zaidi: jike anaweza kuwa na chuchu hadi 24, na kuzaa zaidi ya watoto kumi kwa mkupuo. Ndiyo maana ukiua panya kumi na kuacha chakula wazi, kwa muda mfupi pengo limejaa.

Kwetu hasara tuliigundua kwenye daftari. Kuku mmoja wa mayai hula karibu gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 200 wanahitaji kilo 24. Kwa mwezi ni mifuko 14 na nusu hivi. Sisi tulikuwa tunamaliza mifuko 16, na mayai hayaongezeki. Mfuko mmoja na nusu ulikuwa unaliwa na wageni tusiowaalika.

Sumu isiyo na jina

Unajua wale vijana wanaopita mitaani na spika ndogo? Sauti ile ile iliyorekodiwa inazunguka kutwa: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto. Siwalaumu, wanatafuta riziki kama mimi. Lakini sikiliza neno lenyewe. Dawa.

Jioni moja baba watoto alirudi na pakiti nne ndogo. Akaziweka juu ya meza ya chakula, akaniambia, "Mama, leo nimeleta dawa. Wiki hii hawa jamaa wanakwisha."

Nikaigeuza pakiti moja. Ilikuwa na picha ya panya aliyelala chali, basi. Hakuna jina la sumu iliyomo, hakuna jina la kiwanda, hakuna tarehe, hakuna maelezo ya nini kifanyike mtu akiimeza. Kabla sijasema neno, mtoto wetu wa mwisho akanyoosha mkono: "Baba, hiyo dawa ya nani?"

Swali hilo lilinichoma. Katika nyumba yetu, kama ilivyo kwako, dawa ni kitu ambacho mama anakutia mdomoni kwa kijiko na kukubembeleza: kunywa mwanangu, upone. Mtoto wa miaka minne hajui kuwa kuna dawa ya kuponya na dawa ya kuua. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba dawa ni kitu cha kumezwa.

Nikamwambia baba yao, "Hizo pakiti hazilali humu ndani."

Akanitazama. "Sasa tuwapigie magoti? Mfuko na nusu kila mwezi, na ada ya Januari hiyo hapo."

Hakuwa anabishana kwa kiburi. Yeye ndiye anayenunua chakula, na ndiye anayeiona pesa ikitoka. Lakini mimi nilikuwa na sababu ambayo mtaa wetu mzima unaijua.

Miezi michache kabla ya hapo, mjukuu wa jirani yetu mmoja, mtoto wa miaka mitatu, aliokota kipande cha mkate nyuma ya magunia ya pumba. Mkate ulikuwa umepakwa hiyo inayoitwa dawa. Alikimbizwa hospitali akiwa mikononi mwa bibi yake, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomsindikiza. Daktari aliuliza swali moja: "Ni sumu gani?" Bibi akajibu, "Ni dawa ya panya tu, daktari." Daktari akarudia, kwa upole lakini kwa haraka: "Mama, sumu za panya ni nyingi. Hii ni ipi?"

Kijana mmoja alirudishwa mbio jalalani kutafuta pakiti. Alipoileta, ilikuwa na picha ya panya tu. Mtoto alilazwa siku tatu akiangaliwa usiku na mchana. Alipona, namshukuru Mungu, lakini zile siku tatu bibi yake hakula.

Swali la daktari lilikuwa na maana kubwa, na kila mzazi anapaswa kulielewa. Sumu zinazouzwa kwa ajili ya panya hazifanyi kazi kwa njia moja.

Zipo zinazozuia damu kuganda. Hizi huonyesha dalili baada ya siku kadhaa: mtoto anaweza kucheza vizuri leo na kesho, kisha baadaye akaanza kutoka damu puani, kwenye fizi au ndani ya mwili. Tiba yake ipo, ni vitamini K, lakini lazima daktari ajue mapema.

Zipo za unga wa kijivu au mweusi, zenye zinki fosfaidi. Hizi zikifika tumboni hutoa gesi yenye sumu kali, na hazina dawa maalumu ya kuziondoa nguvu. Daktari anachoweza ni kuusaidia mwili upambane.

Na wakati mwingine kinachouzwa kwenye pakiti ndogo au chupa isiyo na lebo ni kiuatilifu cha shambani kilichofungashwa upya. Hicho kinaweza kumlegeza mtoto kwa dakika chache, mate yakimtoka na pumzi zikikata, na kinatibiwa kwa dawa tofauti kabisa na hizo nyingine.

Kwa hiyo pakiti isiyo na jina inamfunga daktari mikono hata kabla hujafika kwake.

"Nipe mwezi mmoja," nikamwambia baba watoto, "na fundi wa bati." Akacheka, akakubali. Kesho yake zile pakiti alizipeleka kwa afisa kilimo wa kata, tusije tukazitupa jalalani wakaziokota watoto wa wenzetu.

Panya si mjinga

Hapa Morogoro tuna jambo la kuchekesha. Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kutambua makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Mwanangu wa darasa la nne aliniuliza, "Mama, mbona panya wa SUA wanapewa ndizi na sisi wa kwetu tunawawinda?"

Nilimjibu kwamba wale wana kazi. Lakini swali lake lilinikumbusha jambo: tunapambana na mnyama mwenye akili na pua kali. Panya wa nyumbani huogopa kitu kipya. Ukiweka chambo leo, anaweza kukizunguka siku mbili tatu bila kugusa. Akionja kidogo akaugua bila kufa, hakirudii tena. Ndiyo maana unasikia watu wakisema, "Hii dawa ilifanya kazi mara ya kwanza tu."

Na hata ikimuua, hafi mahali unapotaka. Anafia darini, nyumba inanuka wiki nzima. Au anafia bandani, kuku wanamdonoa, paka naye anamla anakufa, na mayai ya kuku hao ndiyo unayowakaangia watoto asubuhi.

Kinachomleta panya ni vitu viwili: chakula na maficho. Sisi tuliamua kuanza na hivyo.

Tulivyofanya

Kwanza tulitafuta wanakopita. Jioni tulinyunyiza majivu laini sakafuni, kando ya kuta na karibu na milango. Asubuhi alama za miguu zilikuwa zimeandika kila kitu: wanaingilia chini ya mlango, wanapanda kwenye kona, wanatokea darini. Panya hupenda kutembea akigusa ukuta, na njia yake ya kila siku huacha alama nyeusi ya mafuta ya manyoya. Kinyesi nacho kinasema: kilicho cheusi, laini na kinachong'aa ni cha usiku huo, na kilichopauka na kuvunjika kama unga ni cha zamani.

Pili, chakula kilihamia kwenye mapipa ya chuma. Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima atafune ili yapungue. Anatafuna mbao, kiroba, ndoo ya plastiki ukingoni, hata zege lisilo imara. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo ni mizuri kwa kuzuia wadudu kwenye nafaka, nayo anaitoboa. Pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko unaobana hamuwezi, na linachukua zaidi ya kilo 100 za chakula cha kuku. Tulinunua mapipa manne yaliyokuwa na mafuta ya kula, tukayaosha na kuyaanika mpaka yakakauka kabisa. Usinunue pipa lililokuwa na kemikali au viuatilifu, hata likiwa la bei ya kutupa.

Ziko tahadhari mbili kwa mzazi. Pipa tupu ligeuze juu chini, maana mtoto anaweza kuingia kujificha na mfuniko ukambana. Na usilijaze chakula chenye unyevu wala kuliweka juani: ndani litatokwa jasho, ukungu uote, na sumukuvu hiyo idhuru kuku.

Mifuko isiyoenea kwenye mapipa tuliiweka juu ya chaga za mbao, karibu nusu mita kutoka ardhini na nusu mita kutoka ukutani. Nafasi hiyo si ya mapambo. Panya hukaa nyuma ya magunia yaliyoegemea ukuta kama mpangaji aliyelipa kodi. Ukiweza kupita nyuma ya magunia na ufagio, naye hana pa kuzalia. Pia tuliacha kununua chakula cha miezi miwili kwa mkupuo. Tunanunua cha wiki mbili au tatu, na mfuko ulioingia kwanza ndio unaotoka kwanza.

Tatu, matundu. Panya mkubwa anapita kwenye tundu la upana wa kidole gumba. Panya mdogo wa nyumbani anapita mahali penye unene wa penseli. Fundi alipiga ukanda wa bati chini ya mlango wa stoo, akaweka madirishani wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Ule wavu mwepesi wa kuku hauzuii panya. Matundu ya ukutani tuliyashindilia stili waya ya kusugulia masufuria, kisha tukapiga saruji juu yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema.

Nne, nje. Tulikata majani na kuacha eneo tupu la zaidi ya mita moja kuzunguka stoo na banda. Matofali yaliyobaki kwenye ujenzi, kuni, viroba chakavu, vyote viliondoka. Tawi la mwembe lililogusa paa likakatwa, kwa sababu panya wa darini ni mpandaji hodari na tawi ni daraja lake.

Tano, usiku bandani. Hili ndilo wafugaji wengi hawalifikirii. Kuku hali gizani, panya anakula gizani. Ukiacha vyombo vya chakula vimejaa usiku, umeandaa karamu. Mwanangu wa darasa la nne ndiye mwenye zamu ya kukusanya vyombo saa kumi na mbili jioni na kufagia kilichomwagika. Mayai yote huokotwa kabla ya giza, maana panya hula mayai na hata vifaranga.

Sita, mitego. Hapa mpangilio una maana. Ukisafisha na kuziba kabla ya kutega, panya wenye njaa watahamia jikoni kwako au kwa jirani, au utawafungia ndani wakafie humo. Sisi tulitega wiki ile ile tuliyoanza kusafisha, tukaziba matundu ya mwisho baadaye. Mitego ya kubana tuliiweka kando ya ukuta, upande wa chambo ukielekea ukutani, siku tatu bila kuitegua waizoee. Chambo kilikuwa dagaa wa kukaanga na karanga zilizosagwa. Usiku wa nne tukaitegua yote kwa pamoja. Asubuhi tulikuta panya tisa. Usiku uliofuata sita.

Mitego nayo si ya kuchezewa, inaweza kuvunja kidole cha mtoto. Yetu ilikaa ndani ya stoo iliyofungwa kwa kufuli, na mingine ndani ya kasha la mbao lenye tundu la kumtosha panya tu.

Saba, majirani. Panya hajui mpaka wa kiwanja. Watafiti wa SUA wamekuwa wakisisitiza kwa miaka mingi kwamba kutega kwa pamoja, kijiji au mtaa mzima, kunafaa kuliko kila mtu kutega kivyake. Nilizungumza na kina mama wanne wa kikundi chetu cha kukopeshana, tukaazimana mitego na kutega wiki moja. Bibi wa yule mtoto alikuwa wa kwanza kukubali.

Paka? Tunaye, na anasaidia kuwazuia wapya wasikae. Lakini penye chakula tele panya huzaa haraka kuliko paka anavyokamata. Na kama bundi anatua kwenye mti wako usiku, msimpige mawe. Najua tunavyomwogopa. Lakini bundi hula panya, na huyo hadai mshahara.

Mama mkwe na panya waliokufa

Katikati ya mwezi huo mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Lushoto. Baada ya shikamoo na chai, alimkuta mjukuu wake mkubwa anataka kumtupa panya kwa kumshika mkia. Mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Weka chini! Usimguse!"

Kisha akatukalisha wote. Wilaya ya Lushoto ilipata tauni kuanzia mwaka 1980, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata ugonjwa huo ulirudi mara kwa mara. Mama alikuwa amezika watu. Alitueleza walichojifunza: panya akifa, viroboto wake hawafi naye. Wanamwacha akiwa anapoa, wanatafuta damu nyingine yenye joto. "Ukiona panya wanakufa ovyo ndani bila kuuliwa, mkwe wangu, usianze kufagia. Toa watoto, toa taarifa kituo cha afya."

Hiyo ni sababu nyingine ya kutojaza nyumba mizoga ya panya waliokula sumu usioijua.

Mikojo yao nayo si ya kudharauliwa. Utakumbuka Julai 2022, Wizara ya Afya ilipotangaza homa ya mgunda wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, wagonjwa 20 na vifo vitatu. Ugonjwa huo huenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, na panya ni miongoni mwa wanyama hao. Mtoto mwenye kidonda mguuni anayekanyaga maji machafu ya bandani bila viatu yuko hatarini.

Tangu siku hiyo tuna utaratibu. Panya aliyekufa anashikwa na mtu mzima, mkono ukiwa ndani ya glavu au mfuko wa plastiki, anafukiwa kwenye shimo refu. Kinyesi hakifagiliwi kikavu, maana vumbi lake unalivuta puani. Tunamwagia kwanza maji yenye klorini, tunasubiri, ndipo tunakusanya. Watoto hawaingii stoo peku, na wanaosha mikono kwa sabuni wakitoka bandani.

Kama sumu ni lazima

Sisemi kwamba sumu haifai kamwe. Panya wakilipuka shambani, hata wataalamu huitumia. Lakini nyumbani iwe hatua ya mwisho, na iwe hivi: inunuliwe kwenye duka la pembejeo lenye kibali, iwe na lebo, na iwe imesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Muulize afisa mifugo wako aina inayokufaa. Iwekwe ndani ya kasha lililofungwa ambalo mkono wa mtoto hauingii, kamwe si kwenye mkate, nyanya au ugali ulioachwa wazi. Inayobaki ihifadhiwe kwenye pakiti yake yenyewe, juu, kwa kufuli. Usiihamishie kwenye chupa ya soda.

Na kama mtoto ameimeza, au unahisi tu ameimeza, nenda hospitali wakati huo huo, hata kama anacheza na kucheka. Usimtapishe, na usimnyweshe maziwa wala mafuta kama tulivyozoea. Akitapika mwenyewe, fungua madirisha, na msiuvute ule mvuke. Beba pakiti. Usione aibu kusema ilikuwa wapi na ameimeza lini. Daktari hahitaji kukuhukumu, anahitaji kujua.

Mwezi ulipokwisha

Mwezi wa kwanza tulitumia mifuko 15 na robo. Mwezi wa tatu ilikuwa 14 na robo tatu, na majivu ya jioni yanaamka safi karibu siku zote. Gharama ya mapipa, bati na fundi ilikuwa imeanza kurudi. Baba watoto hakunipongeza kwa maneno. Alinunua pipa la tano.

Panya hawajaisha duniani, na kwetu watarudi tu tukilegea wiki mbili. Hii ni kazi kama kuosha vyombo, haina mwisho. Lakini ndani ya nyumba yetu neno moja limebadilika. Kile kitu hakiitwi tena dawa. Kinaitwa sumu, na mtoto wa mwisho akisikia spika mtaani hunirekebishia muuzaji kwa sauti: "Mama, amekosea, ile ni sumu!"

Mzazi mwenzangu, jioni ya leo chukua tochi, ingia stoo. Angalia nyuma ya magunia, juu ya boriti, chini ya chaga. Ukikuta pakiti isiyo na jina imechomekwa juu ya fremu ya mlango, anza na hiyo kabla ya panya.